Mashine ya milioni 8 au ya milioni 24? Hesabu ya kukoboa mpunga Katavi



Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mama mmoja, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama hapa Mpanda. Wako kumi na wawili, wengi wanalima mpunga upande wa Kakese na Mwamkulu, na wanajaza fomu ya ule mkopo wa halmashauri usio na riba ili wanunue mashine ya kukoboa. Akaniambia, "Mwanangu, wewe unayejua kuandika andika, hebu njoo utuangalizie hizi profoma mbili kabla hatujasaini, maana wenzangu wameshaanza kugombana."

Nikaenda. Profoma ya kwanza ilikuwa ya mashine ya kawaida ya roli la chuma, milioni 8 ikiwa imeshafungwa. Ya pili ilikuwa ya mashine ya roli za mpira yenye hatua mbili na chekecheke la kutenga chenga, milioni 24. Wanachama tisa walitaka ya milioni 8, watatu wakang'ang'ania ya milioni 24. Hoja ya wale tisa ilikuwa moja tu: bei. Hoja ya wale watatu ilikuwa "ile nyingine inatoa mchele mzuri". Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepiga hesabu. Na fomu yenyewe, niliyoipitia mstari kwa mstari, ilikuwa na sehemu ya kuandika bei ya kifaa, lakini sikuona mahali panapouliza kifaa hicho kitakula kiasi gani kwa mwaka.

Ninaandika haya kwa sababu naona suala hili haliwahusu akina mama wale peke yao. Mikopo ya asilimia 10 ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 kisha ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, mgao ukiwa uleule: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Wakati huohuo imejengwa njia ya umeme ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga hadi Mpanda, ili mkoa wetu uachane na jenereta. Lami ya Tabora nayo ipo. Kwa hiyo kila kona utasikia watu wanataka mashine: za kukoboa, za kusaga, za kukamua alizeti, makarasha ya wachimbaji wa dhahabu. Hela za kununulia zinatafutwa, wauzaji wanakuja na vipeperushi vyao. Swali linaloulizwa ni "shilingi ngapi?" Mi nasema hilo ni swali la mwisho kabisa.

Watu waliolifanyia kazi jambo hili kwa makini kuliko wote ni wenye viwanda vya chipu za kompyuta. Msicheke. Katika biashara ile mashine moja inaweza kukufilisi. Kampuni ya ASML ya Uholanzi, ambayo ndiyo peke yake duniani inayotengeneza mashine za kuchora chipu kwa mwanga wa urujuanimno wa kupindukia, inauza mashine moja kwa zaidi ya dola milioni 150, na za kizazi kipya zimepita dola milioni 350. Ukinunua kitu cha bei hiyo huwezi kuangalia profoma ukakuna kidevu. Ndiyo maana Wamarekani, kupitia muungano wao wa SEMATECH ulioanzishwa mwaka 1987 walipokuwa wanabanwa na Wajapani, walieneza hesabu waliyoiita gharama ya umiliki. Baadaye chama cha watengenezaji wa mitambo hiyo, SEMI, kikaifanya kuwa mwongozo rasmi, namba yake E35.

Hesabu yenyewe ukiivua koti haina ugumu wowote. Juu unaweka gharama zote: bei ya mashine iliyogawanywa kwa miaka itakayoishi, umeme, spea, mishahara, pango, halafu thamani ya mali iliyoharibikia mikononi mwa mashine. Chini unaweka bidhaa NZIMA zilizotoka. Nzima, sio zote. Unagawanya, unapata gharama ya kila kimoja kilicho kizima. Wao wanahesabu visahani vya silikoni. Sisi tunahesabu kilo za mchele.

Kinachonivutia ni hicho kipande cha mali iliyoharibika. Kwenye chipu, mashine ya bei rahisi inayoharibu visahani vichache zaidi katika kila mia inaweza kuwa ghali kuliko ile ya bei mara tatu. Na kwenye mpunga? Ni hivyohivyo, tena kwa ukubwa unaotisha.

Ukichukua kilo 100 za mpunga mkavu, maganda yanachukua kama kilo 20, na ile pumba laini kama 10. Kwa hiyo mchele unaowezekana kupatikana ni kilo 68 hadi 70 hivi, hata ungekuwa na mashine ya namna gani. Mashine ya roli la chuma, ile iliyotokana na uvumbuzi wa Engelberg kule Brazili karne ya 19, inatoa kilo 53 hadi 55. Yenyewe inamenya na kusugua kwa mkupuo mmoja ndani ya chumba kimoja, kwa hiyo punje zinakatika, na nyingine zinasagika kabisa na kuondoka na pumba. Mashine ndogo za roli za mpira zinapita kilo 60, na zile za hatua kadhaa zinafika 65 hadi 70. Yaani mpunga uleule, shamba lilelile, lakini tofauti ya kilo kumi katika kila mia. Hizo kilo kumi zilikuwa mchele, sasa ni chakula cha kuku.

(Wakulima nao wana sehemu yao ya lawama, tusiwasingizie wenye mashine kila kitu. Mpunga unaoanikwa chini juani mchana, ukaachwa nje ulowe umande usiku, kesho ukaanikwa tena, punje inapasuka ndani kwa ndani kabla hata haijaiona mashine. Unyevu unaofaa ni asilimia 14 hivi. Ukiupeleka mbichi unapondeka, ukiukausha kupita kiasi unakatika.)

Sasa tupige hesabu. Namba ninazoweka hapa ni za mfano, nimezikadiria pamoja na akina mama wale mezani. Wewe weka za kwako. Mashine zote mbili zinapitisha kilo 500 za mpunga kwa saa. Kwa mwaka zinafanya kazi saa 400 za kweli, yaani tani 200 za mpunga. Zote zitaishi miaka 8. Zinatumia umeme wa shilingi 356 kwa uniti, bei ambayo wateja wengi wa kawaida tumeizoea kwenye Luku. Mchele ni shilingi 2000 kwa kilo.

Ya milioni 8: uchakavu milioni 1 kwa mwaka, umeme milioni 1.7, spea laki 8, fundi na msaidizi milioni 4.8, pango na vibali milioni 1.2. Jumla milioni 9.5. Inatoa tani 110 za mchele. Gawanya: shilingi 86 kwa kilo.

Ya milioni 24: uchakavu milioni 3, umeme kama milioni 2.6 kwa sababu ina mota zaidi, spea milioni 2.4 kwa sababu zile roli za mpira zinalika na lazima zibadilishwe, wafanyakazi na pango ni kama ile ya kwanza. Jumla kama milioni 14. Inatoa tani 130. Gawanya: shilingi 108 kwa kilo.

Hapo wale mama tisa walipiga makofi. Unaona? Tulisema sisi! Mashine ya bei rahisi inakoboa kwa bei rahisi.

Nikawaambia subirini, bado hatujaweka mali iliyopotea. Mashine ya kwanza imetoa mchele pungufu kwa tani 20. Kwa shilingi 2000 hizo ni milioni 40. Tuseme pumba iliyoongezeka wameiuza shilingi 150 kwa kilo, wakapata milioni 3. Hasara inabaki milioni 37. Ongeza kwenye ile milioni 9.5, gawanya tena kwa tani 110. Jibu ni shilingi 423 kwa kilo. Ile nyingine iko palepale, 108. Tofauti ya bei ya mashine, milioni 16, ingerudi kabla hata nusu ya msimu haijaisha.

Kimya. Mama mmoja akauliza, "Sasa mbona wenye mashine wote mjini wanazo hizo za chuma na wanajenga nyumba?"

Wadau, swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika.

Hesabu ya kule kwenye chipu inachukulia kwamba mwenye mashine ndiye mwenye mali. Kisahani kikiharibika, hasara ni yake. Huku kwetu mwenye mashine anakoboa mpunga wa watu. Mkulima analeta gunia lake, analipa kwa kilo, anaondoka na mchele. Pumba, mara nyingi, inabaki kwa mwenye mashine. Kwa hiyo zile milioni 37 mwenye mashine hazioni kwenye daftari lake hata siku moja. Ziko kwenye gunia la mteja aliyerudi kijijini na kilo 55 badala ya 65, wala hajui kama kapunjwa kumi, maana hana cha kulinganishia.

Tuseme bei ya kukoboa ni shilingi 100 kwa kila kilo ya mchele, kwa mashine zote. Mwenye mashine ya milioni 8 anakusanya milioni 11, anatoa gharama milioni 9.5, anabaki na milioni moja na nusu, na juu yake ile pumba ya ziada ya milioni 3. Mwenye mashine nzuri anakusanya milioni 13, gharama milioni 14, anapata hasara ya milioni moja! Mashine iliyo nzuri kwa mkoa mzima ni mbaya kwa mwenye nayo, na mashine inayomwaga mchele kwenye pumba inamlipa. Hapo siwezi kumlaumu mtu kwa ujinga. Wenye mashine wamepiga hesabu zao vizuri sana, ila wamepiga za upande wao tu.

Nikarudi kwenye daftari la kikundi. Wanachama kumi na wawili kwa pamoja wanavuna kama tani 43 kwa mwaka kwa makadirio yao. Kwa mpunga wao wenyewe, mashine nzuri ingewaongezea tani 4.3 za mchele, yaani milioni 8.6 majumbani mwao. Lakini mfuko wa kikundi ungepungukiwa milioni 5 na nusu ukilinganisha na mashine ya bei rahisi. Ukijumlisha nyumba na mfuko, mashine nzuri inashinda. Tatizo ni kwamba mkopo haulipwi kutoka majumbani, unalipwa kutoka kwenye mfuko.

Na hapo kuna mtego mwingine. Mimi nimegawanya bei kwa miaka 8, miaka ya uhai wa mashine. Mkopo hausubiri miaka 8. Wakipewa miaka 3, milioni 24 ni milioni 8 kila mwaka, sio 3. Nilipoweka marejesho hayo badala ya uchakavu, ikaonekana mashine nzuri inahitaji karibu saa 700 za kukoboa kwa mwaka ili mfuko usikauke. Ile ya bei rahisi inahitaji saa kama 410. Kwa hiyo ugomvi wa milioni 8 au milioni 24 ukageuka kuwa swali jingine kabisa: je, saa 700 zinapatikana Mpanda?

Kuhusu saa, wale watu wa chipu wana mwongozo mwingine, E10, unaogawa muda wa mashine katika mafungu sita: inazalisha, inasubiri kazi, iko kwenye majaribio ya mafundi, iko kwenye matengenezo yaliyopangwa, imeharibika bila taarifa, na muda ambao haikupangiwa kazi. Tangu niujue nimekuwa nikiangalia mashine za mjini kwa jicho hilo. Ukipita mwezi Januari, mashine imefungwa na fundi kalala kwenye viroba. Haijaharibika, inasubiri mpunga tu. Ukipita mwezi Juni foleni iko hadi barabarani, na hapo ndipo beringi inapokatika. Saa ya Januari na saa ya Juni kwenye daftari zinaandikwa saa moja, lakini thamani yake haifanani hata kidogo. Wiki tatu za kusubiri spea wakati wa mavuno zinaweza kuwa robo ya mapato ya mwaka.

Hili mimi limeniunguza mwenyewe, na ndiyo sababu nalisema kwa sauti. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashine ya kusaga iliyotumika, na injini ya dizeli, kwa bei ambayo kila mtu aliniambia nimeokota. Mwezi wa pili shafti ikapinda. Aliyeniuzia akaniambia spea zipo Dar. Zilikuwepo kweli, ila za toleo jingine. Ikatumwa, ikarudishwa, ikatumwa nyingine kwa basi. Siku ilipofungwa wateja wangu walishahamia kwa jirani, na hawakurudi hata nilipopunguza bei. Injini ile sasa hivi inavuta maji kwenye bustani ya shemeji yangu.

Tukirudi kwa akina mama: kwa mashine nzuri, ukiacha marejesho na kubaki na ile hesabu ya uchakavu, saa 400 zinatoa shilingi 108 kwa kilo. Saa zikishuka hadi 250, gharama inapanda hadi shilingi 149. Zikipanda hadi 800, inashuka hadi 73. Mashine ni ileile, bei ni ileile. Hakuna punguzo ambalo muuzaji anaweza kukupa likafanya kazi kubwa kama hiyo.

Umeme nao mkoa huu una historia yake, na ni somo zuri la mambo haya. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa kwa jenereta za dizeli za TANESCO, na kuna mradi wa ORIO ambao Uholanzi ilisaidia kuleta jenereta Mpanda, Biharamulo na Ngara. (Ndio, Uholanzi haohao wa ASML. Dunia ndogo.) Msaada wa namna ile unashusha bei ya kununua. Haugusi dizeli. Jenereta nzuri inahitaji kama robo lita au zaidi kidogo kwa uniti moja. Tukichukua dizeli shilingi 2800 kwa lita, hiyo ni zaidi ya shilingi 700 ya mafuta peke yake kwa uniti ambayo mteja wa Mpanda ananunua kwa 356, bei sawa na mteja wa Dar. Kila uniti ilikuwa hasara, na ilibidi ibebwe na mtu mwingine. Ndiyo maana sikushangaa kwamba serikali iliona afadhali kujenga njia ndefu ya porini kuliko kuendelea kununua dizeli.

Kwa mwenye mashine ya kukoboa hesabu ni ileile kwa udogo. Mashine nzuri ikiendeshwa kwa injini ya dizeli inayokula lita 6 kwa saa, mafuta kwa saa 400 ni milioni 6.7 badala ya milioni 2.6 za umeme. Gharama inatoka 108 hadi 139 kwa kilo. Kwa hiyo mtu aliye Usevya au Majimoto anayepanga kununua leo, asiulize tu kama nguzo zimefika. Aulize umeme wa fezi tatu uko umbali gani kutoka kwenye banda lake, na ukikatika huwa unakatika saa ngapi. Mashine ikizimika na mpunga uko ndani, kuiwasha tena ni kazi, na ule mpunga uliokwama unatoka chenga tupu.

Kuna jambo moja huwa nalikumbuka nikipita stesheni. Reli ya kutoka Kaliua kuja Mpanda, kilomita 210, ilijengwa na wakoloni kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Ilifika hapa mnamo mwaka 1950. Kufikia 1960 mgodi ulikuwa umefungwa. Waliopiga hesabu zile bila shaka waligawanya gharama kwa miaka mingi ya madini, wakapata miaka kumi tu. Reli ikabaki, ikabeba tumbaku, mahindi na wajomba zetu. Sisemi walikosea kuijenga, sisi tumeitumia sana! Ila uhai wa kifaa sio lazima ulingane na uhai wa kazi uliyokinunulia, na kwenye hesabu ni muhimu ujue unagawanya kwa upi.

Haya, sasa akina mama wafanye nini? Niliwapa mawazo yangu, na mnaweza kunipinga.

Kwanza, kama wanachukua ya milioni 24, wasiombe milioni 24. Waombe pamoja na roli za mpira za akiba, mikanda na beringi za kuweka kabatini kabla ya mwezi Mei. Spea iliyopo kabatini ndiyo inayonunua saa za Juni. Roli zenyewe mbili zinazunguka kwa kasi tofauti, ile ya haraka inalika zaidi, kwa hiyo fundi lazima awe anazibadilishana nafasi. Fundi asiyejua hilo anakula roli mara mbili. Bora alipwe zaidi fundi anayejua. Kama mkopo hautoshi vyote hivyo, basi afadhali wasubiri mwaka.

Pili, na hili ndilo ninaloliamini zaidi, wasitoze shilingi 100. Watoze 120. Mteja mwenye kilo 100 za mpunga, kwenye mashine ya chuma anapata kilo 55 na analipa shilingi 5,500. Kwenye mashine yao atapata kilo 65 na atalipa 7,800. Kalipa zaidi kwa 2,300, kaondoka na kilo kumi zaidi zenye thamani ya shilingi 20,000. Na kwa bei hiyo ya 120, saa wanazohitaji ili walipe mkopo zinashuka kutoka karibu 700 hadi kama 530. Saa nane kwa siku, siku 66. Hizo Mpanda zipo.

Lakini mteja ataamini vipi? Mbao ya bei anaiona, 120 dhidi ya 100, atakwenda kwa jirani. Ndiyo maana nikasema wanunue mizani mbili, moja mlangoni mpunga unapoingia na moja mchele unapotoka, na waandike namba zote mbili kwenye risiti. Mashine nyingi nilizotembelea zina mizani ya kutokea tu, ile ya kukutoza.

Mama mwenyekiti hakuridhika na maneno. Jumamosi akachukua gunia moja la mpunga wake, akalichanganya vizuri kwenye turubai, akagawa kilo 50 na 50. Nusu tukaipeleka kwenye mashine ya chuma, nusu kwenye mashine ya roli za mpira iliyoko mtaa wa pili. Hatukusema kitu, tulikuwa wateja wa kawaida. Mizani tulibeba wenyewe. Ya kwanza ilitoa kilo 28 na nusu, ya pili kilo 32. Sio tofauti kubwa kama ya vitabu, na ile ya mpira fundi wake alikuwa kaibana kupita kiasi, chenga zilikuwa nyingi. Hata hivyo kwa nusu gunia tu zilikuwa kilo tatu na nusu.

Walipiga kura upya jioni ileile. Saba kwa tano, mashine ya milioni 24, kwa sharti kwamba muuzaji aandike kwenye mkataba ni spea gani anaziweka Mpanda na atazileta ndani ya siku ngapi. Muuzaji hajajibu bado. Fomu inarudishwa Jumanne.

Wadau wenye mashine, hasa wa Mpimbwe na Inyonga, naomba namba zenu hapo chini: mnakoboa saa ngapi kwa mwaka, na roli moja inawafikisha magunia mangapi? Nitawapelekea akina mama kabla ya Jumanne.